Trela Linarudi Nyuma Sebuleni

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne. Saa hiyo sikuikisia. Niliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi ya kupokelea makontena, mstari wa kumi na moja, dakika moja kabla mwenzangu hajafa.

Nilikuwa karani katika yadi ya makontena Kurasini, mwaka wa kumi na tisa kazini. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Lori linaingia na trela lake, linasimama, makarani wawili wanalikagua. Mmoja anakwenda nyuma, kwenye milango ya kontena, anasoma kwa sauti namba ya sili, kile kifungo kidogo cha chuma kinachoonyesha kwamba mzigo haujafunguliwa njiani. Mwingine anasimama ubavuni na karatasi, karibu na dereva, anaandika. Wakimaliza, lori linarudi nyuma hadi kwenye mashine ya kunyanyulia na kontena linashushwa.

Mimi nilikuwa nimeongeza la kwangu. Zamani tuliwahi kukosea tarakimu moja tu, mteja akatuhangaisha miezi mitatu. Kuanzia hapo nikaamua sili isomwe mara mbili: kwanza kawaida, kisha kinyumenyume, tarakimu ya mwisho ikianza. Mtu akisoma kinyumenyume hawezi kusoma kwa mazoea. Nilichora visanduku viwili mwishoni mwa kila mstari wa karatasi, kila msomo na kisanduku chake. Wenzangu walisema hata chumvi ya mboga naionja mara mbili. Mwenzangu wa nyuma ya trela hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mtaratibu kama mimi, na ndiye pekee ambaye sikuwahi kumkumbusha.

Asubuhi ile tandiboi, msaidizi wa dereva ambaye kazi yake ni kuangalia nyuma, alikuwa amekwenda kununua chapati. Malori manne yalikuwa yanangoja kwenye foleni. Mwenzangu akasoma sili, nikaandika, nikatia alama kisanduku cha kwanza. Nikamwona anatokea ubavuni anajifuta jasho usoni, nikadhani amemaliza. Nikainua mkono, nikamwambia dereva neno ambalo kila mtu wa yadi hulisema siku nzima: lete. Lete, lete, lete. King'ora cha kurudi nyuma kikaanza kulia, tii, tii, tii. Yadini vinalia ving'ora vitano sita kwa pamoja, hakuna anayekisikia kimoja. Mwenzangu alikuwa amekumbuka kisanduku cha pili. Alirudi kusoma kinyumenyume.

Waliochunguza walisema ni ajali. Dereva alilala polisi siku mbili, akaachiwa. Mimi niliandika maelezo ya kurasa tatu, nikasaini, nikarudi nyumbani Kiwalani. Karatasi ile waliniachia nakala yake. Kisanduku cha pili cha mstari wa kumi na moja kiko wazi mpaka leo.

Daktari alinipa wiki mbili. Zilipokwisha nikaenda hadi geti la yadi, nikasikia trela linarudi nyuma upande wa pili wa ukuta, miguu ikakataa. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alinipa wiki sita, kisha akaniambia kwa upole kwamba nafasi ya karani wa yadi haiwezi kukaa wazi zaidi ya hapo. Baada ya hizo wiki sita ama nirudi kusimama kando ya trela, ama nihamie kibanda cha getini kukagua karatasi, na nafasi yangu apewe mwingine.

Nilitaka kurudi yadini. Sikusoma zaidi ya kidato cha pili. Kiingereza nilijifunza kwenye nyaraka za meli, na hesabu kwenye makontena. Yadi ndiyo shule iliyonitoa, na nilikuwa nimefika mahali ambapo hata mameneja waliniuliza mimi.

Nyumbani mwili ulikuwa na saa yake. Kila siku, ikikaribia saa nne na robo, viganja vililowa, kifua kikabana, na lile neno likaanza kichwani kwa sauti yangu mwenyewe. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, asubuhi hayupo. Nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilifagia uwanja mara tatu. Ndege zinapita chini sana kwetu, bati linatetemeka, lakini ndege hazikunisumbua hata mara moja. Nililiandika hilo kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuandika kila kitu: saa, sauti, mapigo ya moyo kwa dakika.

Gemu lilikuja kwa bahati. Simu ya zamani ya mke wangu ilikuwa na gemu la vipande: vinashuka kutoka juu, wewe unavigeuza na kuvipanga, mstari ukijaa unatoweka. Yeye huwapa watoto wa ndugu zake wanapokuja. Asubuhi moja, saa nne kasoro dakika tano, nililifungua nikiwa natafuta kikokotoo. Nilipoinua macho ilikuwa saa tano na dakika nane. Saa nne na robo ilikuwa imepita bila mimi kuiona.

Nikaanza kusoma. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu, kwa kamusi pale Kiingereza kilipokuwa kigumu. Wengine wanaandika kwamba macho na mikono vikishughulika kupanga vitu, picha mbaya hukosa nafasi ya kujichora. Wengine wanasema gemu hilohilo linaweza kumrudisha mtu palepale alipoumia, ikiwa ndani yake kuna sauti au tendo la siku ile. Sikuweza kujua nani yuko sahihi. Nilichojua ni kwamba vipande havikuwa na sauti, maana spika ya simu ile ilikufa zamani, na mapigo yangu ya saa nne na robo yalishuka kutoka mia moja na kumi hadi themanini na nne.

Mke wangu alifurahi, na akafanya kosa la mtu mwema. Opereta wa mashine ya kunyanyulia, mzee wetu wa yadi, mtu wa kusini asiyekosa kupiga simu kila Ijumaa, alimuuliza naendeleaje. Naye akamwambia: anatulia sana akicheza gemu.

Yadini tuna kundi la simu la michango. Lilianzishwa kwa ajili ya misiba, likaongezewa harusi, likaongezewa kuuguza. Mtu akipatwa na jambo, jina linawekwa, kiasi kinaandikwa mbele ya kila mmoja, na katibu anafuatilia kama mtoza ushuru. Sasa likawekwa langu. Baadaye nilisimuliwa mjadala ulivyokwenda. Mmoja alisema ni aibu mtu mzima kucheza gemu la watoto kwenye kisimu. Mwingine akasema tumnunulie la maana. Wa tatu akakumbuka kwamba yapo magemu ya kuendesha malori, na hapo kila mtu akaona njia: karani ameikumbuka yadi, basi tumpelekee yadi nyumbani, aizoee taratibu. Hakuna aliyepinga. Hata mimi, kama lingekuwa jambo la mtu mwingine, ningechanga.

Walikuja Jumamosi saa tisa alasiri, watu watano, na kreti la soda. Mzee opereta alitangulia, nikampa shikamoo. Katibu alibeba boksi. Wa mwisho kuingia alikuwa dereva. Dereva yuleyule. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Alikuwa amekonda. Alinisalimia akiangalia mkeka, akakaa kwenye stuli karibu na mlango.

"Karani," mzee akasema, "tumekuletea gari isiyokula dizeli."

"Wala haina trafiki wa kukupiga mkono," katibu akaongeza. "Shemeji, akianza kulala na usukani usije ukatudai."

Mke wangu akacheka. Mimi pia. Walitoa mashine ya gemu, wakatoa usukani wa plastiki wenye kanyagio za chini, wakaunganisha nyaya kwenye televisheni yetu huku wakigombana ipi inaingia wapi. Mashine na usukani vilikuwa vimetumika, lakini vimefutwa vizuri. Katibu alisoma orodha ya waliochanga, jina kwa jina, kama ilivyo desturi, nami nikasimama kushukuru. Mtu akichangiwa anasimama. Mtu akiletewa zawadi mbele ya watu anaifungua na kuitumia mbele yao, waone haikupotea bure. Nilikaa mbele ya usukani.

Barabara ilikuwa nzuri, ya nchi ya mbali, miti pembeni. Niliendesha dakika kumi hivi bila shida. Mikono ilikuwa mikavu. Nakumbuka niliwaza kwamba nitaandika kwenye daftari: kuendesha mbele, hakuna tatizo. Kisha gemu likanielekeza kuingia kwenye ghala na kuegesha trela kwa kurudi nyuma kati ya mistari miwili ya njano. Nikaweka gia ya nyuma.

Tii, tii, tii.

Na nyuma yangu watu wanne, soda mkononi, wakaanza bila kujua. Mtu wa yadi hawezi kuona trela linarudi nyuma akanyamaza, hata likiwa kwenye kioo. Mzee alianza, wengine wakadaka.

"Lete. Lete, lete. Kata kidogo. Lete."

Sijui niliinuka vipi. Mke wangu anasema nilisimama taratibu, nikaweka usukani chini kwa mikono miwili kama mtu anayeweka sahani, nikasema samahani, nikatoka uani. Ninachokumbuka ni karo la kufulia. Nilikuwa nimelishika pande zote mbili, natafuta hewa. Ndani mtu mmoja bado alikuwa anasema lete, kisha akanyamazishwa.

Mlango wa uani ukafunguka. Nilidhani ni mke wangu. Alikuwa dereva. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbali kidogo, akaweka mikono magotini.

"Kaka," akasema, "mie siku ile nilisikia lete, nikaleta. Basi. Mpaka leo nikiisikia, huu mguu unakanyaga wenyewe. Hata kitandani. Mke wangu ananiuliza unakanyaga nini."

Nikamuuliza kama anaendesha. Akasema hapana. Tajiri wake, mwenye lori, amemweka kuosha malori, na kila wiki anamuuliza lini. Alikuja leo kwa sababu mzee alimlazimisha, na kwa sababu alitaka kuona kama nitamfukuza.

"Aliyesema lete ni mimi," nikamwambia. "Na aliyemfundisha kurudi kusoma mara ya pili ni mimi."

Hakujibu kwamba si kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo kimoyomoyo, maana watu wote walikuwa wameshalisema. Aliuliza tu lile gemu jingine ninalocheza likoje. Nikatoa simu ya mke wangu mfukoni, nikamwonyesha vipande. Alicheza vibaya sana. Alijaza kioo mara tatu kwa dakika tano. Mzee alipochungulia kutuita alitukuta tumeinamia kisimu kile cha aibu, akarudi ndani.

Wazo la mazoezi lilikuwa langu. Zilikuwa zimeniishia wiki mbili kati ya sita, na niliamini bado kwamba jambo likipangwa hatua kwa hatua linafanyika. Dereva alikubali kuja kila Jumatatu na Alhamisi saa nane mchana, akitoka kuosha malori. Yeye anakaa kwenye usukani. Mimi nasimama kando ya televisheni kama ningesimama ubavuni mwa lori. Siku ya kwanza sauti imezimwa kabisa, naelekeza kwa mkono tu. Kisha sauti inapanda, namba mbili, namba nne, namba sita. Mwisho neno lenyewe. Kila kipindi nahesabu mapigo yake na yangu kwa saa ya mkononi, naandika.

Tuliweka na kanuni mpya. Trela halirudi hata shubiri moja mpaka nionyeshe kiganja wazi, na kiganja sionyeshi mpaka mtu wa nyuma asimame mbele yangu nimwone kwa macho. Kwenye gemu hakuna mtu wa nyuma. Dereva alisema tuifuate hivyohivyo. Basi nikawa namngoja mtu asiyekuwepo, nahesabu hadi kumi, kisha nafungua kiganja.

Siku ya kwanza, bila sauti, mapigo ya dereva yalikuwa mia moja na nne, yangu tisini na sita. Siku ya tatu, sauti namba nne, yake tisini na tano, yangu mia moja na mbili. Siku ya nne, sauti namba sita, aliegesha trela kati ya mistari ya njano kwa mara moja, akageuka kuniangalia akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona, uso wake wa zamani labda. Mapigo yake sabini na nane. Yangu mia moja na kumi na nane. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Nilikaa na daftari lile siku nzima. Gemu moja, chumba kimoja, sauti ileile. Dereva linamtuliza, mimi linanichimba. Sababu niliyoiona ni hii, sidai kwamba ni ya wataalamu. Dereva amekaa kwenye kiti. Breki iko chini ya mguu wake, na kila anaporudi nyuma sebuleni kwangu bila kuumiza mtu, mguu unajifunza upya kwamba unaweza kusimama. Mimi breki sina. Mimi nina neno tu. Likishatoka haliko mikononi mwangu tena. Na wakati yeye anaangalia mistari ya njano, mimi nilikuwa naangalia nyuma ya trela, kwenye sakafu tupu ya ghala lile la kuchora, namtafuta mtu.

Tulikuwa tumebakiwa na hatua ya mwisho, ya neno. Alhamisi iliyofuata nilimwambia dereva sitaifanya kwenye gemu. Nitaifanya yadini, Jumatatu, siku ya kurudi. Akasema sawa, Jumatatu hiyo na yeye atakuwa amesharudi barabarani, tajiri amempa lori. Mke wangu aliyasikia hayo akiwa jikoni. Jioni aliniuliza kama naenda kurudi kazini au naenda kujiadhibu. Nilimjibu kwamba sijui, na ndiyo sababu naenda.

Jumatatu niliingia yadini saa moja na nusu asubuhi. Watu walinipa mikono. Karatasi ilikuwa ileile, visanduku viwili, hakuna aliyevifuta. Walinipangia njia ya tatu ya malori, na karani mgeni nyuma ya trela, mtu mzima aliyetoka yadi nyingine. Nikamweleza kanuni: soma kawaida, soma kinyumenyume, kisha njoo usimame hapa nikuone. Lori la kwanza nilifanya karatasi tu, tandiboi akaelekeza. La pili vilevile. La tatu lilikuwa la dereva wangu.

Tandiboi wake alikuwepo, lakini dereva alimwambia akae ndani. Alizima redio, akashusha kioo, akaniangalia kupitia kioo cha pembeni. Karani mgeni akasoma sili. Kisanduku cha kwanza. Akasoma kinyumenyume. Kisanduku cha pili. Akaja akasimama mbele yangu, nikaona uso wake wote, viatu vyake, hata kalamu mfukoni. Hapakuwa na mtu nyuma ya trela. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Nikafungua mdomo. Neno halikuja. Nikajaribu kiganja, mkono ukainuka hadi kifuani ukaishia hapo. Dereva akangoja. Malori yaliyokuwa kwenye foleni yakaanza kupiga honi. Hakuweka hata gia ya nyuma. Angeweza kurudi mwenyewe, ana macho na vioo, lakini alikaa anangoja kiganja changu kama tulivyokubaliana, dakika tatu nzima, na foleni inatukana.

Mzee opereta alishuka kwenye mashine yake. Ngazi zile ni ndefu, na magoti yake si ya kushukashuka. Alikuja akasimama pembeni yangu, akaangalia nyuma ya trela, akamwangalia karani mgeni, kisha akaniangalia mimi.

"Pumzika, karani," akasema. "Hili nampa mie."

Akainua kiganja chake. Dereva akarudi nyuma, polepole, akanyoosha, akasimama penyewe kabisa. King'ora kililia muda wote huo, nami nilikuwa nimesimama wima. Hilo niliweza. Zaidi ya hilo sikuweza.

Nilikwenda kukaa kwenye benchi la kivulini, nikafungua vipande kwenye simu, nikapanga kwa dakika kumi na mbili hadi vidole vikatulia. Kisha nikaenda ofisini kwa meneja kabla hajaniita. Nilimwambia naomba kibanda cha getini. Akauliza kama nina uhakika, maana wiki ya sita ilikuwa haijaisha. Nikasema nimeshahakikisha, nimeandika.

Usukani na mashine nilimpa dereva, baada ya kuomba ruhusa kwenye kundi la michango, maana zawadi ya watu haihamishwi kimyakimya. Katibu alijibu kwamba gari imepata dereva. Simu ya mke wangu nimebaki nayo. Asubuhi, ikikaribia saa nne na robo, naiweka juu ya meza ya kibanda, na siku nyingine hata siifungui.

Getini nakagua karatasi na sili za malori yaliyosimama. Nimeweka utaratibu kwamba injini izimwe kwanza. Madereva wanalalamika, wanazima. Sili naisoma mwenyewe, nimesimama nyuma ya trela, kawaida na kinyumenyume. Mshahara wa msingi haukuguswa. Kilichoondolewa ni posho ya yadi, shilingi elfu sita kwa siku, wanayolipwa wale wanaoelekeza magari. Siku za kazi ni ishirini na sita. Kila mwezi napungukiwa shilingi laki moja na elfu hamsini na sita.